Jasho la Gilasi, Sakafu na Kiyoyozi: Mwongozo wa Kuukabili Unyevu wa Hewani katika Nyumba za Unguja na Pemba

Mgeni akiletewa juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye friji mchana wa kaskazi, hazipiti dakika tatu gilasi huwa imeshavaa matone kuanzia kwenye kitako hadi pale juisi ilipofikia, na juu ya mstari huo kioo hubaki kikavu. Mstari huo una mengi ya kufundisha. Kama maji yangekuwa yanapenya kutoka ndani, matone yangekuwa na rangi na ladha ya ukwaju. Na kama yangekuwa yamemwagika, yasingekoma sawasawa na kimo cha juisi. Maji hayo yametoka kwenye hewa ya chumba, nayo yamejikusanya pale tu ambapo kioo ni baridi.

Wengi wetu tuliokulia penye mtungi tulizoea kuona chombo chenye maji ya baridi kikiloa nje, na huenda ndiyo maana dhana ya maji kupenya imekaa sana vichwani mwetu. Lakini mtungi na gilasi ni vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Udongo wa mtungi una vitundu, maji ya ndani yanajipenyeza hadi nje, yanageuka mvuke na kuondoka na joto, kwa hiyo mtungi unapoloa ndipo unapopoa. Gilasi inapoloa, mvuke wa hewani ndio unaogeuka maji, na unapogeuka unaliacha joto lake kwenye kioo. Gramu moja tu ya matone juu ya gilasi yenye robo lita ya kinywaji inatosha kukipandisha kinywaji hicho kwa nyuzi 2 hivi. Ndiyo sababu maji ya baridi hayadumu baridi katika siku za unyevu mwingi, hata ukiwa umekaa kivulini.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ushauri mwingi unaozagaa kuhusu unyevu wa majumbani umetungwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huko hewa ya nje ni kavu, mvuke unatoka kwa watu na vyungu vya ndani, na tiba yake ni kufungua madirisha. Visiwani kwetu mambo yamepinduka: bahari imetuzunguka, hewa ya nje ndiyo iliyojaa mvuke, na baridi tunaitengeneza wenyewe ndani kwa friji na kiyoyozi. Anayefuata ushauri wa ugenini bila ya kuugeuza huongeza maji nyumbani mwake huku akidhani anayaondoa.

Hatua ya kwanza: Jua hewa yako inabeba nini

Hewa hubeba mvuke usioonekana, na kiasi inachoweza kubeba hutegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 20 uwezo wake hushuka hadi gramu 17. Na ikifika nyuzi 5, ambalo ni karibu na joto la ndani ya friji, haiwezi kuzidi gramu 7. Sasa ichukue hewa ya mchana wetu wa kawaida, yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, yaani imejaa robo tatu ya uwezo wake. Hewa hiyo imebeba gramu 23 hivi. Inapogusa kioo chenye nyuzi 5, tabaka jembamba la hewa lililoshikana na kioo hupoa, na zile gramu 16 zilizozidi hazina pa kwenda ila kuwa maji juu ya kioo.

Kiwango ambacho hewa ikipozwa hadi hapo huanza kuacha maji nitakiita joto la umande, kwani ndicho kinachoamua pia kama alfajiri majani yataamka yameloa. Kwa hewa ya mfano wetu, joto la umande ni nyuzi 25. Itazame vizuri namba hiyo. Nyuzi 25 si baridi. Ni joto la chumba ambacho mtu angelala bila ya shuka. Kwetu kitu hakihitaji kuwa cha barafu ndipo kitoe jasho. Sakafu iliyopoa kidogo, ubao wa dari, mgongo wa kabati lililogusana na ukuta, vyote vinaweza kuwa chini ya nyuzi 25 bila ya mkono wako kuhisi kwamba ni baridi.

Hatua ya pili: Pima joto la umande nyumbani kwako

Kipimo hiki hakigharimu chochote cha maana, nami ningependa kila mwenye nyumba akifanye angalau mara mbili, mara moja wakati wa masika na mara moja wakati wa kipupwe. Tafuta kopo jembamba la bati linalong'aa, maji ya bombani yaliyokaa chumbani mpaka yakalingana na joto la chumba, vipande vidogo vya barafu, na kipimajoto cha jikoni. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa sababu huanza kusoma kwenye nyuzi 35 hivi.

Jaza kopo nusu, lipanguse nje likauke kabisa, kisha uliweke mezani mbali na feni. Tia kipande kimoja cha barafu, koroga polepole mpaka kiyeyuke, na utazame ubavu wa kopo bila ya kuusogelea sana, maana pumzi yako ina mvuke wa kutosha kukudanganya. Endelea kipande kwa kipande. Kuna wakati mng'ao wa bati utafifia, kama kioo kilichopulizwa. Hapo soma kipimajoto na uandike. Halafu acha kopo lipate joto lenyewe huku unakoroga, na ukungu ule ukianza kutoweka soma tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio joto lako la umande. Masika mimi hupata kati ya nyuzi 24 na 25, na kipupwe, pepo za kusi zinapovuma, hupata nyuzi 20 au 21. Tofauti hiyo ya nyuzi 4 ndiyo inayofanya viatu vya ngozi visalimike mwezi wa Julai na kuota koga mwezi wa Aprili.

Asiye na kipimajoto ana kipimo kingine mezani pake, nacho ni chumvi. Chumvi safi hubaki kavu hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 75, na ukivuka hapo huanza kuvuta maji na kurojeka. Kichupa cha chumvi kikigoma kutoa kitu, na hakikuwa karibu na mvuke wa sufuria, chumba hicho kina unyevu wa kutosha kukufanya uanze kukagua nyuma ya makabati.

Hatua ya tatu: Hakikisha maji yanatoka upande gani

Kabla ya kuita fundi, lazima ujue kama maji unayoyaona yametoka hewani au yamo ndani ya ukuta, kwa sababu tiba ya moja haifai kwa nyingine. Kata kipande cha karatasi ya aluminiamu, ile inayofungia vyakula, ukubwa wa sahani. Ukaushe ukuta kwa kitambaa, ubandike karatasi hiyo ikiwa imelala bapa, na uzibe kingo zote nne kwa selotepu bila ya kuacha upenyo. Iache kwa siku moja na usiku wake. Ukikuta matone upande unaotazama chumba, hayo ni maji ya hewani. Ukibandua ukakuta uso wa nyuma ndio ulioloa, maji yamo ukutani: yamepanda kutoka ardhini, au yanavuja kwenye bomba, au mvua inaingia kwa nje.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wakifanya kipimo hiki wasishangae wakikuta pande zote mbili zimeloa. Kuta zile nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, navyo vyote hunywa maji na kuyatoa. Ukuta uliopakwa chokaa huachia unyevu wake polepole hewani na hausumbui sana. Ukipigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya rangi, na rangi huvimba na kubanduka vipande vipande kama magamba. Kupaka tena rangi ile ile juu ya magamba hayo ni kupoteza fedha. Ikwangue na urudi kwenye chokaa.

Hatua ya nne: Chumba kisicho na kiyoyozi

Hapa kazi ni nyepesi, kwani joto la ndani na la nje hukaribiana na hewa inayopita haina sababu ya kuacha maji. Fungua madirisha yanayotazamana, washa pangaboi, funika sufuria unapopika, na usianike nguo chumbani mchana na usiku. Kabati na kitanda vikae mbali na ukuta kwa shubiri moja, ili hewa ipite nyuma yake. Godoro lisilale moja kwa moja sakafuni: joto la mwili na jasho vinashuka, sakafu inapozesha upande wa chini, na koga inaotea pale pale pasipoonekana.

Kinachohitaji uangalifu ni sakafu ya chini yenye vigae au marumaru. Baada ya siku kadhaa za mvua ardhi hupoa, na vigae vilivyolala juu yake hupoa pamoja nayo. Siku mvua inapokatika na jua likachomoza, hewa ya joto iliyojaa mvuke huingia mlangoni na kukuta sakafu iko chini ya joto la umande. Sakafu nzima hutoa jasho, na mtu mzima mwenye kandambili zilizolika anaweza kuteleza akaumia vibaya. Asubuhi kama hiyo usipige deki kwa maji, na wala usifungue milango yote kwa kudhani kwamba upepo utakausha, kwa sababu upepo huo ndio unaoleta maji. Funga milango ya upande wa jua kwa saa chache, pangusa kwa kitambaa kikavu, na ufungue tena sakafu itakapopata joto. Mkeka uliotandikwa siku hiyo unyanyuliwe na kuanikwa jioni, la sivyo utaoza kwa chini.

Hatua ya tano: Chumba chenye kiyoyozi

Chumba hiki kinafuata sheria nyingine kabisa. Ukishawasha kiyoyozi, kuta, dari, vioo na nguo vyote vinakuwa baridi kuliko hewa ya nje, na kila unapofungua mlango unakaribisha maji. Fikiria chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3. Hewa yake, ikiwa ni ile ya nje ya nyuzi 30, imebeba zaidi ya kilo moja ya maji. Ili chumba hicho kiwe na nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55, kiyoyozi lazima kitoe takriban nusu lita ya maji. Acha dirisha wazi mpaka hewa yote ibadilike, na nusu lita nyingine inaanza kutafuta pa kutua. Sehemu yake itatua kwenye kiyoyozi, ambako ndiko inakotakiwa. Iliyobaki itatua kwenye chochote chenye baridi.

Kwa hiyo funga madirisha na milango kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, na usikiweke chini ya nyuzi 25 au 26. Najua wengi hushusha hadi 18 wakitaka chumba kipoe upesi, ingawa kiyoyozi cha kawaida hakipozi upesi zaidi kwa sababu tu umekiamuru kifike mbali zaidi. Madhara yake yako juu ya kichwa chako. Nafasi iliyo kati ya bati na dari imejaa hewa ya nje yenye joto la umande la nyuzi 25. Ubao wa jipsamu ukipozwa na chumba hadi nyuzi 20, uso wake wa juu utatoa jasho usiku kucha, na wewe utaona madoa tu upande wa chini. Asubuhi vioo vya dirisha navyo vitakuwa vimeloa kwa nje. Ukiona vioo vimeloa kwa nje, ni ishara kwamba umekipoza chumba kupita kiasi. Pandisha hadi 26 na uwashe pangaboi. Upepo juu ya ngozi utakupa nafuu ile ile.

Nyumbani kwangu lilitokea doa la manjano kwenye dari, ukubwa wa sahani, likawa linapanuka. Fundi aliziba misumari ya bati mara mbili, nami nikalipa mara mbili, na doa likaendelea kukua katika wiki ambazo haikunyesha hata tone. Nilipopanda darini na tochi, nilikuta bomba la shaba la kiyoyozi limevuliwa sponji yake nyeusi urefu wa kama dhiraa moja, imetafunwa na panya. Kwenye shaba tupu matone yalikuwa yamejipanga upande wa chini kama shanga, kila moja likinenepa, likitikisika, kisha likidondoka juu ya jipsamu, na mahali lilipotoka lilibaki tone dogo tayari kuanza upya. Nilihesabu tone moja kila sekunde nne hivi. Hesabu hiyo kwa saa nane za usiku ni zaidi ya theluthi moja ya lita, kila usiku, mahali pamoja.

Matengenezo yake ni haya. Zima kiyoyozi na uliache bomba lipate joto na likauke kabisa, kwa kuwa sponji mpya ikifungwa juu ya maji itayahifadhi maji hayo. Nunua sponji ya bomba yenye kipenyo kinacholingana na bomba, ipasue kwa urefu, ivishe, na uunganishe mpasuo kwa gundi. Viungo baina ya kipande na kipande vizungushiwe utepe bila ya kuacha nafasi hata ya ukucha. Usifunge matambara. Kitambaa hupitisha hewa, mvuke hufika kwenye shaba kama kawaida, na tambara hugeuka kuwa chombo cha kutunza maji. Katika viyoyozi vingi vya majumbani mabomba yote mawili yanayoingia chumbani ni ya baridi, jembamba na nene, basi yavishe yote.

Kama maji yanatiririka kutoka kwenye kiyoyozi chenyewe hadi ukutani, tatizo kwa kawaida ni mpira wa kutolea maji. Kwanza uangalie umeelekea chini mwanzo hadi mwisho, maana ukipinda na kupanda hata kidogo maji husimama hapo. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, uzibue ute uliojikusanya ndani kwa kuupuliza kutoka nje, na umimine gilasi moja ya siki iliyochanganywa na maji. Weka ndoo chini yake. Maji hayo ni mazuri kwa kumwagilia maua na kusafishia sakafu, lakini si ya kunywa, kwani yamepita juu ya vumbi na koga za mashine.

Friji, miwani na simu

Friji ikitoa jasho pembezoni mwa mlango, hewa ya jikoni inaingia. Bana noti kati ya mpira na fremu, funga mlango, kisha uivute: ikitoka bila ya kukazwa, mpira umechoka mahali hapo. Uoshe kwa maji ya sabuni ya vuguvugu kabla ya kuamua kununua mwingine, kwa sababu mara nyingi uchafu wa mafuta ndio unaouzuia usishike. Maji yakituama chini ya droo ya mboga, kitundu cha nyuma cha kutolea maji kimeziba; kizibue kwa kijiti laini. Vyakula vya moto vipoe kwanza na vifunikwe.

Anayetoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi akiwa na miwani atangoja dakika moja tu ukungu uondoke kwenye vioo. Mwenye kamera au simu asiitoe mara moja. Aifunge kwenye kasha lenye kifuniko kinachobana akiwa bado ndani, atoke nayo, na aifungue baada ya nusu saa, chombo kikiwa kimeshalingana na joto la nje.

Bati, turubai na karafuu

Usiku wa mbingu safi, bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, hata kama hakuna baridi yoyote ya kuhisi. Likishuka chini ya joto la umande, hutoa jasho juu na chini, na anayelala kwenye chumba kisicho na dari hudondokewa alfajiri akidhani kuna manyunyu. Kuweka dari na kuacha matundu ya hewa chini ya paa hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, jambo hili hili linagusa riziki. Karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi huhitaji siku kadhaa za jua, na katika siku hizo kila jioni ni hatari. Ziingizwe ndani alasiri kabla ya umande kuanza kushuka, na zisitiwe kwenye magunia zikiwa bado na joto la jua, kwani gunia lenye joto likigusa sakafu baridi ya saruji, mvuke wa katikati huhamia chini na kuwa maji. Magunia yapangwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Turubai ndilo linalodanganya watu wengi zaidi: linazuia mvua, lakini karafuu zenye unyevu zinaendelea kupumua chini yake, mvuke unapanda, unakuta turubai limepozwa na anga, na unarudi chini kama matone juu ya karafuu zile zile. Ukilazimika kufunika, ingiza mkono chini ya turubai kabla ya kulala na upitishe kiganja kwenye uso wake wa ndani. Kikitoka kimeloa, ziingize ndani usiku huo huo, uzitandaze sakafuni juu ya majamvi mawili, na uache madirisha wazi hadi asubuhi.